Kengele Inapolia: Funzo la Urubani kwa Wahudumu wa Afya

Ndege hubaki angani kwa sababu hewa inayopita kwenye mabawa huinyanyua. Pua ikiinuliwa kupita kiasi, hewa huacha kuambaa juu ya bawa na nguvu ya kunyanyua hupungua ghafla. Hali hiyo huitwa stoli. Injini zaweza kuwa nzima, na bado ndege ikaporomoka. Tiba yake ni kushusha pua kwanza, kisha kurejesha kasi, na hatimaye kuinua ndege taratibu.

Tiba hii ni rahisi kuieleza, lakini ni ngumu kuitenda. Rubani anayeona ndege ikishuka hushawishika kuinua pua, na kwa kufanya hivyo huzidisha hatari.

Tarehe 1 Juni 2009, ndege ya Air France aina ya Airbus A330 ilikuwa ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris. Barafu iliziba vipimo vya kasi kwa muda mfupi, mtambo wa kujiendesha ukajizima, na rubani aliyeshika usukani akainua pua. Kengele ya stoli ililia kwa sekunde 54 mfululizo, wala hapana aliyeitaja hali hiyo kwa jina lake. Ndege iliangukia Bahari ya Atlantiki, na watu wote 228 wakafariki. Wachunguzi walibaini kuwa marubani wale hawakuwa wamefanya mazoezi ya kuongoza ndege kwa mikono katika mwinuko mkubwa.

Baada ya ajali hiyo, na nyingine ya mwaka huohuo karibu na Buffalo, Marekani, mafunzo yalibadilika. Kanuni ya Marekani ya mwaka 2013 iliagiza marubani wa mashirika ya abiria wafanye mazoezi ya stoli kamili katika mashine za kuigiza urukaji.

Wodi ya uzazi nayo ina dakika zake za namna hii. Kichanga asiyepumua huhitaji kusaidiwa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Katika Hospitali ya Haydom, Tanzania, mafunzo ya siku moja yaliboresha ustadi wa wahudumu kwenye mwanasesere, lakini hayakubadilisha utendaji chumbani. Yalipoongezwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara pale pale kazini, vifo vya vichanga ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Kwa hiyo, mhudumu azingatie mambo matatu: afanye mazoezi mafupi mara nyingi, kengele ikilia, aitaje hatari kwa sauti ili wenzake wote waitambue, na aanze na hatua inayookoa uhai kabla ya nyingine yoyote. Mgonjwa au ndugu yake akisikia kengele ya mashine, asiizime, bali amwite mhudumu mara moja. Mkono hutenda wakati wa hofu kile ulichozoezwa wakati wa utulivu.