Kabla Mdai Hajafika Mlangoni

JUMANNE

Soma 2 Wafalme 4:1–7. Elisha alimwuliza mjane maswali gani mawili? Ni akina nani wengine waliohusika katika msaada alioupata?

Mume wa mwanamke huyu alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mtu mcha Mungu, lakini alikufa akaacha deni. Sasa mdai alikuja kuwachukua wavulana wake wawili wawe watumwa. Elisha angeweza kuwahamishia wavulana hao kwa wana wa manabii, wale na walale huko. Hakufanya hivyo. Aliuliza kuna nini nyumbani. Chupa ya mafuta tu! Majirani wakamwazima mjane vyombo vitupu, wanawe wakamsogezea, naye akamimina. Fungu la 7 lisipitwe haraka: mafuta yalilipa deni, na yaliyosalia yakawa riziki ya mama pamoja na wanawe.

Linganisha na Kutoka 2:7–9, ambapo mama yake Musa aliahidiwa mshahara kwa kumlea mtoto wake mwenyewe.

Nchini Kenya, mwaka 2004, serikali ilianza kwa majaribio kuzipa fedha kaya 500 zilizokuwa zikilea yatima na watoto walio katika mazingira magumu, ili walelewe na jamaa zao. Mpango huo ulikua ukaenea nchini. Mkakati wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2032 kuhusu malezi ya watoto nao unatanguliza kuimarisha familia na kuzuia mtoto asitenganishwe nayo. Sababu yake inafahamika: watoto wengi walio katika makao wana mzazi au ndugu aliye hai. Umaskini ndio uliowafikisha huko. (Mtoto anayepigwa vibaya au kunajisiwa ni jambo lingine, huyo aondolewe hatarini upesi, na wahusika wasifichwe kwa jina la familia.)

Makanisa mengi hupeleka unga, sabuni na nguo kwenye makao ya watoto, na picha hupigwa. Ni jambo jema. Lakini bibi anayelea wajukuu wanne nyuma ya kanisa huenda hajatembelewa na mtu tangu siku ya mazishi, na karo inadaiwa.

Jadilini darasani: Bila kutaja majina, ni nyumba zipi karibu na kanisa lenu ambazo mdai yuko njiani kuzifikia? Nani atakwenda kuuliza swali la Elisha kabla ya Sabato ijayo, na Dorkasi pamoja na mashemasi watachangia vyombo gani?