Baba asirudi Tabora katikati ya mionzi

*Shangazi, baba yangu ana saratani ya koo na anapigwa mionzi Ocean Road, Dar es Salaam. Ameingia wiki ya nne. Mdomo umejaa vidonda, mate yamekauka, hata uji haupiti. Anataka kupanda treni arudi apumzike wiki mbili, atumie asali yetu, kisha akamalizie. Tumkubalie? – Binti wa Isevya, Tabora*

Mwanangu, msimkubalie. Misafara ya zamani kutoka Bagamoyo ilitua hapa Unyanyembe, yaani Tabora yetu, majuma mengi, wapagazi wakapata nguvu, ndipo ikashika njia ya Ujiji. Saratani haimpi mgonjwa kituo cha namna hiyo. Mionzi ya kichwa na shingo kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki sita hadi saba. Kuanzia takribani wiki ya nne, seli za saratani zilizonusurika huanza kuzaliana kwa kasi zaidi, na tafiti zinakadiria kuwa kila siku ambayo tiba inarefuka hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa asilimia 1 au zaidi. Piga hesabu ya hizo wiki mbili.

Utaniambia: atamalizaje tiba ilhali hali chakula? Hoja hiyo ni nzito, maana njaa nayo inaharibu tiba: akikonda sana, hata kinyago kinachomshikilia kichwa kwenye mashine hakimkai sawasawa. Lakini njaa yake ina dawa pale pale alipo. Awaeleze madaktari leo, bila kujikaza kiume, kwamba hamezi. Maumivu ya vidonda hivi hutulizwa kwa dawa kali, ikiwemo morfini ya maji, na kuinywa kwa maelekezo ya daktari si dalili ya kukata tamaa. Asipoweza kumeza kabisa, huwekewa mpira wa kulishia puani kwa muda. Asukutue mara nyingi kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, apewe uji wa maziwa na karanga zilizosagwa laini, mtori, mayai ya kuvuruga. Pilipili, ndimu na pombe ziwe mbali. Tumbaku pia, ingawa ndiyo inayosomesha watoto wengi Urambo na Sikonge: kuvuta wakati wa mionzi huzidisha vidonda na kudhoofisha tiba.

Kuhusu asali, baba hajakosea kuifikiria. Utafiti wa Malaysia wa mwaka 2003, wenye wagonjwa 40, uliona waliotumia asali walipata vidonda vikali vichache. Wa Uingereza uliofuata, kwa asali ya manuka, haukuona nafuu hiyo. Basi mtumieni chupa kwa basi, amwulize daktari wake kwanza, hasa kama ana kisukari, na asukutue baadaye, kwa kuwa mdomo usio na mate huoza meno upesi.

Linabaki suala la fedha, na hapo sikulaumu: chumba na chakula cha Dar kwa wiki nyingi vinaumiza familia. Ila nauli ya kwenda na kurudi ielekezeni kwenye malazi yake, na mwoneni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla fedha hazijaisha. Vidonda kwa kawaida hupona wiki kadhaa baada ya mionzi kwisha. Mate huchukua miezi, na pengine yasirudi yote. Akisharudi nyumbani, asing'olewe jino hata moja kabla mng'oaji hajajua kuwa taya lake limepita kwenye mionzi, kwa sababu mfupa huo huweza kukataa kupona.