Mkufunzi kama Mtafiti: Lugha na Ujifunzaji katika Vyuo vya Ufundi vya Eastlands, Nairobi

IKISIRI

Makala hii inajadili namna wakufunzi wa vyuo vya ufundi katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, wanavyoweza kuyachunguza mafunzo yao wenyewe kwa nia ya kuyaboresha. Hoja yake kuu ni kwamba kabla ya mkufunzi kuamua kuwa mwanagenzi hajui kazi, sharti abaini kwanza iwapo kilichomshinda ni kazi yenyewe au ni lugha ya swali. Makala inaeleza mbinu ya kuyatenganisha mambo hayo mawili na kuonyesha nafasi ya mwanafunzi wa Kiswahili katika shughuli hiyo.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1966 baraza la makanisa nchini Kenya lilitoa ripoti iliyouliza vijana waliomaliza shule bila nafasi ya kuendelea na masomo wangeelekea wapi. Mjadala huo ulizaa vyuo vidogo vya ufundi vijijini, na baadaye vyuo vya namna hiyo vikaenea hata mijini. Katiba ya 2010 iliviweka chini ya serikali za kaunti, na Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi ya 2013 ikaweka utaratibu wa kuvisajili na kuvisimamia. Tangu hapo mkazo umehamia kwenye mafunzo ya umilisi, yaani mwanagenzi apimwe kwa kile anachoweza kukitenda.

Katika Eastlands, mkabala huu unakutana na mazingira ya pekee. Mwanagenzi kutoka Kaloleni, Kayole, Dandora au Kariobangi amekua akiona ufundi ukitendwa. Huko Kamukunji mafundi wa jua kali hugeuza mabati kuwa masufuria, majiko na masanduku, na ujuzi wao hupitishwa kwa mkono na kwa kinywa. Akiingia chuoni, kijana huyo huyo hukutana na vitabu na maswali ya Kiingereza. Kati ya mkono unaojua na karatasi inayouliza kuna pengo, na pengo hilo ndilo makala hii inalolishughulikia.

2.0 Hali ya Lugha

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, lugha ya karakana si moja. Wataalamu wengi wa isimujamii wanaihusisha mitaa ya Eastlands na chimbuko la Sheng, na Chege Githiora, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2018, anaitazama Sheng kama lahaja ya Kiswahili cha Kenya. Kwa hiyo mwanagenzi mmoja anaweza kusikia Sheng kwa wenzake, Kiswahili cha kawaida kwa fundi na Kiingereza katika mtihani.

Ni kosa kudhani kwamba kutafsiri swali kwa Kiswahili sanifu kunatosha. Kitabu kitasema "saruji", lakini kwenye mjengo wa Nairobi neno linalosikika ni "simiti". Mwanagenzi aliyebeba mifuko ya simiti tangu ujana wake anaweza kusita mbele ya neno "saruji", na kusita huko kukahesabiwa kuwa ujinga. Kwa upande mwingine, Kiswahili kina hazina kubwa ya istilahi za ufundi ambayo vyuo havijaitumia ipasavyo: timazi, pimamaji, mwiko, randa, patasi, bisibisi.

3.0 Utafiti wa Mkufunzi

Fikra kwamba mtendaji anaweza kuichunguza kazi yake mwenyewe si ngeni. Kurt Lewin aliieleza mwaka 1946 kama mzunguko wa kupanga, kutenda na kutathmini matokeo, kisha kupanga upya. Mwaka 1975 Lawrence Stenhouse wa Uingereza alisisitiza kwamba mtaala hauwezi kuboreka pasipo mwalimu kuwa mtafiti wa darasa lake. Karibu na nyumbani, mradi wa LOITASA ulioanza mwaka 2002 ulilinganisha madarasa ya sekondari yaliyofundishwa kwa Kiswahili na yale ya Kiingereza nchini Tanzania. Watafiti wake waliona wanafunzi wakishiriki na kujieleza vizuri zaidi kwa lugha waliyoimudu.

4.0 Mfano wa Utaratibu

Mathalani, mkufunzi wa uashi ana wanagenzi 24. Anachagua mada mbili zenye uzito sawa: matumizi ya timazi, na uchanganyaji wa zege kwa uwiano wa 1:2:4, yaani karai moja ya simiti, mbili za mchanga na nne za kokoto. Kwanza, kila mwanagenzi anatenda kazi zote mbili huku mkufunzi akijaza orodha ya hatua. Anatazama, kwa mfano, kama makarai yote yamejazwa kwa kipimo kimoja, kwa sababu karai la kurundika na karai la kusawazisha si sawa.

Pili, wanagenzi wanagawanywa kwa kura katika makundi mawili ya watu 12. Kundi la kwanza linaandika kuhusu timazi kwa Kiingereza na kuhusu zege kwa Kiswahili. Kundi la pili linafanya kinyume chake. Mpishano huu unazuia ugumu wa mada usidhaniwe kuwa ugumu wa lugha. Majibu husahihishwa na mkufunzi mwingine asiyeona majina, kwa mwongozo mmoja, bila kuadhibu tahajia wala maneno ya mtaani yanayoeleweka.

Matokeo husomwa kwa pamoja. Mwanagenzi aliyetenda vyema, akaandika vyema kwa Kiswahili na kushindwa kwa Kiingereza, ana tatizo la lugha. Aliyetenda vyema na kushindwa kuandika kwa lugha zote mbili anahitaji mazoezi ya kueleza kazi yake. Aliyeshindwa kutenda anahitaji kurudi karakanani, hata kama maandishi yake yanapendeza. Huyu wa mwisho ndiye wa kuhofiwa zaidi, maana mtihani wa karatasi pekee ungempitisha.

Baada ya hapo mkufunzi anafanya badiliko moja tu. Anaweza kubandika ukutani orodha ya istilahi yenye safu tatu: neno la mjengo, neno sanifu na neno la Kiingereza. Baada ya wiki nne anarudia zoezi kwa mada nyingine. Akibadilisha mambo matano kwa pamoja hatajua lipi lililosaidia.

5.0 Mipaka na Pingamizi

Wanagenzi 24 hawawakilishi Eastlands nzima, na maendeleo ya wiki nne yanaweza kutokana na mazoezi tu. Matokeo hayo yanamfaa mkufunzi huyo na darasa hilo. Yatapata uzito zaidi vyuo kadhaa vikirudia zoezi lile lile. Aidha, wanagenzi waelezwe lengo mapema na alama za uchunguzi zisiingizwe katika matokeo yao.

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza ndicho kitakachompa kijana kazi. Hoja hiyo ina uzito, kwani maelezo ya mashine na mikataba mingi huandikwa kwa lugha hiyo. Lakini lengo hapa si kukifukuza Kiingereza. Lengo ni kukifundisha kwa wanaokihitaji badala ya kukitumia kama kipimo cha ufundi. Jengo la ghorofa lililoporomoka Huruma mwezi Aprili 2016 liliua watu zaidi ya 40. Sababu za maafa ya aina hiyo ni nyingi na hazimhusu mwashi peke yake, lakini yanakumbusha kwamba kosa la kumpima fundi haliishii kwenye cheti.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba mkufunzi hahitaji ruzuku wala maabara ili aanze kuchunguza. Anahitaji swali moja, orodha ya hatua na mwenzake wa kusahihisha. Asichoweza kukifanya peke yake ni kazi ya istilahi. Hapo ndipo wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Nairobi wanapoitwa: waende karakanani, wasikilize maneno ya mafundi, wayakusanye na kuyalinganisha na yaliyomo kamusini kabla ya kupendekeza mapya. Kiswahili kitakuwa lugha ya ujuzi pale fundi wa Kayole atakaposoma swali na kulitambua kuwa linahusu kazi anayoijua.