Usimlipishe Baba Yako Deni la Serikali

Mimi ni kijana wa miaka 25, mzaliwa wa kisiwa cha Pate, Kaunti ya Lamu. Nina diploma ya umeme niliyosomea Mombasa, na huu ni mwaka wa tatu niko nyumbani, natengeneza mashine za boti kwa kubahatisha. Tangu nikiwa mdogo nasikia habari za bandari, barabara na ajira. Bandari imejengwa, tukipita na boti naziona kreni zake, lakini sisi bado tunanywa maji ya jabia, na mvua ikikosa tunarudi kwenye visima vya chumvi. Mwezi uliopita khalati yangu alishikwa na uchungu usiku. Boti haikupatikana hadi alfajiri, akajifungulia njiani. Alhamdulillahi, wote wazima. Niliporudi nilimwambia baba, mbele ya watu barazani, kwamba wao wazee ndio waliotuuza kwa kunyamaza. Tangu siku hiyo hatusemezani. Binamu yangu ananiita niende kufanya kazi Doha. Mwanasiasa mmoja anataka niwe kiongozi wa vijana wake. Wenzangu wanasema tufunge gati, tuchome matairi. Nimechoka kusubiri, Bibi. Nifanye nini?
S.M., Pate

S.M., mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikwama pale pa khalati yako.

Mimi nimelelewa Amu, yaani Lamu mjini. Mlango wa Mkanda, njia ya boti ya kwenda visiwani kwenu, niliujua zamani maji yakitoka. Boti ilikaa juu ya matope, mikoko kulia na kushoto, mbu wakiimba, na nahodha akitazama alama aliyoiweka kwenye mti wa mkoko aone kama maji yamepanda walau kidole kimoja. Niliwahi kukaa pale tangu adhuhuri hadi karibu na magharibi, marehemu mama yangu akiwa na homa kali, namfunika leso niliyoichovya majini. Leso ilikauka mara tatu kabla maji hayajaja. Kwa hivyo sitakwambia kwamba subira huvuta heri. Kuna subira ambayo inaua, na wewe umeipita karibu sana.

Uchungu wako una haki

Huna kosa kuuliza mbona mambo yanakwenda polepole. Katiba mpya tuliipitisha 2010, kaunti zikaanza kazi 2013, na tukaambiwa serikali sasa iko mlangoni. Machi 2012 viongozi walikuja kuzindua bandari kwa shangwe. Gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021, na wewe ulishakuwa mtu mzima. Mtoto aliyekua akisikiliza ahadi moja kwa miaka tisa ana haki ya kuchoka.

Lakini jua pia vitu vinavyochelewesha, maana ukikosea kuutaja ugonjwa utakosea na dawa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 tu katika Lamu nzima. Fedha za kaunti hugawanywa kwa hesabu ambamo idadi ya watu ina uzito wake, ndiyo maana mgao wa Lamu umekuwa mdogo kuliko wa kaunti nyingine zote. Na mafuta ya boti hayahesabiwi kwa vichwa vya watu. Zahanati ya kisiwani yenye wagonjwa wachache inahitaji boti, nahodha na petroli sawasawa na yenye wagonjwa wengi.

Kisha ukaja Juni 2014, mashambulizi ya Mpeketoni hapa hapa Lamu, kafyu, na amri ya kutovua usiku. Wewe ulikuwa shule. Baba yako alikuwa na nyavu. Mvuvi akizuiwa usiku amezuiwa nusu ya riziki yake, maana kuna samaki wasiojua kuingia wavuni mchana. Miaka ilipita hivyo. Watalii walipungua, na biashara nyingi za Amu zikafuata.

Wizi na uzembe pia upo, sitaki kuufunika. Mradi unaozinduliwa kila uchaguzi na kubaki msingi na nyasi, huo si wa kulaumu jiografia.

Baba yako hakunyamaza

Hapa nitakuwa mkali, nivumilie.

Ulimwambia baba yako barazani kwamba wazee waliuza. Ni nani aliyeishtaki serikali kuhusu bandari ile? Watu wa Lamu walikwenda mahakamani 2012, wakiongozwa na Mohamed Ali Baadi, wakisema kwamba uchimbaji wa bahari unaharibu mazalio ya samaki na kwamba hakuna aliyewauliza. Waliisubiri hukumu miaka sita. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zimevunjwa, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hata baada ya hukumu, fedha zile zilivutwa miaka na miaka. Lakini hukumu ipo, na haikuandikwa na watu walionyamaza.

Kumbuka na mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliotakiwa kujengwa Kwasasi, hapa Lamu. Ulikuwa na leseni, ulikuwa na wakubwa nyuma yake. Juni 2019 mahakama ya mazingira ya kitaifa iliifuta leseni ile, na moja ya sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliobeba kesi hiyo walikuwa watu wa baraza hizi hizi, waliosoma makaratasi mazito wakauliza moshi utakwenda wapi na maji ya moto yatamwagwa wapi.

Sijui kama baba yako alikuwa katika orodha ya wavuvi. Wewe unajua? Umewahi kumuuliza? Nashuku hukuuliza, kwa sababu kijana aliyeuliza asingesema maneno yale. Ulikuwa umetoka kwenye boti yenye damu ya uzazi, ukamkuta mtu wa karibu, ukamtupia. Naelewa. Ila mwenye deni la ahadi ni serikali, na wewe umekwenda kumdai baba. Na neno lililotupwa barazani haliokotwi chumbani. Utamwomba radhi pale pale, mbele ya wale wale.

Milango mitatu uliyoitaja

Kuhusu kufunga gati sitazunguka. Katiba inakupa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, na ukiitumia sitakuzuia. Kufunga gati ni jambo jingine. Gati la kisiwani ndiyo barabara, ndiyo soko, ndiyo lango la hospitali. Mkilifunga usiku mmoja, atakayekwama ni khalati wa mtu mwingine. Gavana hapandi boti hapo. Na tairi likishawaka, maofisa hawatazungumza tena juu ya boti ya wagonjwa. Watazungumza juu ya tairi, na wewe utakuwa na kesi.

Mwanasiasa naye anahitaji vijana kwa sababu uchaguzi ni Agosti 2027. Nimewaona vijana hao tangu enzi za mfumo wa chama kimoja. Hupewa fulana, nauli na chakula cha mchana, wakatumwa kuzomea mkutano wa jirani ambaye watazikana naye. Baada ya kura simu haipokelewi. Ukitaka siasa, ingia kwa jina lako, na umwulize mtu huyo swali moja kabla ya kuvaa fulana yake: katika bajeti iliyopita, alisimama lini na kuulizia fungu la visiwani? Akitaja siku na jambo, kaa umsikilize. Akikupa soda, nenda zako.

Doha si usaliti. Watu wa pwani wamesafiri kwenda Ghuba na kurudi tangu zamani za majahazi, na paa nyingi za Lamu zimeezekwa kwa fedha ya huko. Ila nenda na mkataba unaotaja kazi ya umeme, mshahara na jina la mwajiri, na wakala awe amesajiliwa na mamlaka ya ajira ya taifa. Usiuze shamba la nyumbani kulipia safari. Na usiende ukiwa umenuna. Anayeondoka kwa hasira huona haya kurudi, hata mambo yakimwendea vibaya kule.

Kuna mlango wa nne ambao hukuutaja, nami nautaja kwa sababu pwani yetu imeuona. Wako watu wanaonunua hasira ya vijana kwa ajili ya makundi yenye silaha. Huanza kwa kukusikiliza vizuri sana kuliko baba yako, kisha hukutaka usiwaambie wa nyumbani. Ninawajua akina mama ambao hadi leo wanakunja nguo za mtoto aliyeondoka bila kuaga. Mtu akikwambia "usimwambie mtu," hilo ndilo la kumwambia baba yako usiku huo huo.

Shika boti moja

Unapigana na "maendeleo", mwanangu, na maendeleo hayana mlango wa kubisha. Boti ya wagonjwa inao.

Kwanza jua nani anadaiwa nini. Zahanati, boti ya kubebea wagonjwa, maji, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti. Polisi, hatimiliki za ardhi, shule za sekondari na bandari kubwa ni vya serikali kuu. Ukimpigia gavana kelele za hatimiliki atafurahi kukujibu kwamba si kazi yake. Akiulizwa boti, hana pa kuitupa.

Sasa chukua karatasi. Sheria ya kupata habari ya 2016 inakuruhusu kuandikia ofisi yoyote ya umma kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kueleza kwa nini unataka kujua. Andika kwa Kiswahili chako safi. Uliza boti za wagonjwa zinazohudumia Pate ni ngapi na zipi zinatembea. Uliza nani analala na ufunguo usiku. Uliza fungu la mafuta la mwaka huu ni shilingi ngapi na limetumika kiasi gani. Inatosha, usiongeze malalamiko ya tangu uhuru. Wanapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Wakinyamaza, nakala yako inakwenda kwa tume inayopokea malalamiko dhidi ya maofisa wa umma, ile watu wanayoiita Ombudsman.

Nakala iwe na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Hili nimelilipia. Mume wangu alipofariki nilikwenda ofisi moja mara kumi na moja kufuatilia haki yake. Kila mara karani alisema barua yangu haikufika. Safari ya kumi na mbili nilikwenda na nakala yenye muhuri wao wenyewe, nikaiweka mezani, sikusema neno. Faili lilipatikana kabla sijamaliza kufunga mkoba.

Halafu fuata kalenda ya fedha. Mpango wa mwaka wa kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Kati ya tarehe hizo kuna vikao vya wananchi kutoa maoni. Vikao hivyo hujaa watu wanaongoja nauli na chai. Wewe nenda na wanawake watatu waliowahi kujifungulia majini, kama wako radhi, na jibu la barua yako mkononi. Lamu ina wadi 10 tu, mwakilishi wenu anamjua kila mmoja wenu kwa sura. Mtu akiulizwa swali lenye tarehe na shilingi mbele ya mama zake wadogo, haimkalii vyema kujibu kwa nyimbo.

Inaweza kuchukua bajeti mbili, na huenda mkapata mafuta bila nahodha, au nahodha bila mafuta. Andika tena.

Na mkono wako je?

Una diploma ya umeme katika kisiwa chenye jua, na pampu na barafu ya samaki ni shida ya kila siku. Sheria ya zabuni inatenga asilimia 30 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Jisajilini watu wawili au watatu, muanze na kazi ndogo. Lakini nakuonya kama mwanangu wa kumzaa: serikali huchelewa kulipa, na nimeona vijana waliokopa ili kutimiza zabuni pikipiki zao zikauzwa kabla ya hundi kutoka. Chukua kazi ambayo ukicheleweshewa miezi sita bado utakula.

Jipe muda unaojulikana, tuseme bajeti mbili. Zikipita na binamu bado ana kazi Doha, panda ndege ukiwa na baraka, na nakala za barua umwachie mdogo wako.

Kabla ya yote hayo kuna baba. Nenda barazani baada ya magharibi, wakiwapo wale waliokusikia. Mwombe radhi kwa maneno machache. Kisha kaa chini, usitaje serikali wala bandari. Muulize mwaka ule walipokatazwa bahari ya usiku aliwalisha kwa kazi gani, na nyavu zake aliziuza kwa nani.