Kibarua cha kocha na ulimi wa shabiki

Ukitoka msikitini baada ya sala ya Isha hapa kwetu Tandika, hatua chache tu unakutana na kijiwe cha kahawa. Pana mabenchi mawili, jiko la mkaa, sinia la kashata na wazee kwa vijana wasiopungua kumi na watano. Huzungumzwa bei ya mchele, huzungumzwa mabasi, huzungumzwa ndoa za watu. Lakini siku timu kubwa ikifungwa, mada huwa moja tu: kocha abaki au afungashe virago?

Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule moja ya sekondari, na jioni nafundisha madrasa. Nalitaja hilo mapema ili ndugu msomaji ajue kuwa kosa ninalotaka kulieleza halikufanywa na mtu asiyeijua hukumu yake.

Miaka michache iliyopita timu ninayoipenda ilifungwa vibaya. Jina la timu naliacha, na la kocha wake naliacha pia, kwa sababu ambayo itaonekana mbele. Usiku ule nilifika kijiweni nikiwa nimevimba. Kila mtu alikuwa na lake: kocha hajui kupanga kikosi, kocha anabadilisha wachezaji kwa kuchelewa, kocha anapendelea. Nami nikapokea kikombe changu, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika: "Hakuna cha mbinu hapo. Huyu kauza mechi." Watu wakaitikia. Mmoja akauliza kauza kwa kiasi gani, nikataja kiasi. Naam, nilitaja hata kiasi.

Asubuhi yake nilikuwa na kidato cha tatu, na somo lilikuwa Suratul Hujurat. Tulifika aya ya 6, inayowaamrisha waumini kuchunguza habari wanayoletewa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua na kisha wakajuta. Nikaeleza vizuri, nikatoa mifano. Kijana mmoja akanyoosha mkono. Ni mpwa wa muuza kahawa, na jioni humsaidia kuosha vikombe. "Ustaadh, samahani. Ile ya jana ya kocha kuuza mechi, ulichunguza kwa nani?"

Darasa halikucheka. Wangecheka ingekuwa nafuu.

Nilimjibu kuwa swali lake ni zuri na kwamba tutalizungumza kipindi kijacho. Ndugu msomaji, mwalimu akisema hivyo ujue amekwama. Nimelifikiri swali lile kwa muda mrefu, na makala hii ni jibu ambalo kipindi kile sikuwa nalo.

Kwanza niseme kuwa siungi mkono wale wanaodai mjadala wa kocha ni upuuzi mtupu usiomhusu Muislamu. Shabiki anayetoa nauli na kiingilio ana haki ya kuuliza. Wakati mwingine haki hiyo ni ya raia yeyote, hata asiyejua mpira. Chukua mfano wa Marcio Maximo, Mbrazili aliyeletwa kuifundisha Taifa Stars mwaka 2006. Mshahara wake ulilipwa na Serikali, maana yake ni fedha za mlipakodi wa Mbagala na wa Mwananyamala. Mtu huyo akiuliza kazi inakwendaje, hajaingilia yasiyomhusu.

Nakumbuka vizuri enzi hizo. Septemba 8, 2007 nilikuwa kidato cha tatu, na tulitembea kwa miguu kutoka Tandika hadi uwanja mpya, huu ambao tangu 2020 unaitwa Benjamin Mkapa. Stars ilikuwa imewafunga Burkina Faso nyumbani na ugenini, na watu walishaanza kuiota Ghana, kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za 2008. Msumbiji wakatufunga bao moja kwa sifuri. Tulirudi kimya hadi tulipofika mtaani, na hapo ndipo midomo ikafunguka.

Tangu hapo jina la Maximo likawa mada isiyokwisha. Jambo lililowaudhi wengi zaidi ni kumwacha kipa Juma Kaseja kwa muda mrefu. Kwa shabiki wa Simba, hiyo ilikuwa dhambi isiyofutika. Wengine walimtetea kwamba anataka nidhamu kwanza, na kwamba kabla yake Stars haikuwa na heshima yoyote. Februari 2009 aliipeleka timu Ivory Coast kwenye fainali za kwanza za CHAN, tukawafunga wenyeji kwa bao la Mrisho Ngassa, na Zambia wakatunyima nusu fainali kwa kusawazisha dakika za mwisho kabisa. Kijiwe kiligawanyika: nusu wanasema mtu huyu ametufikisha mbali, nusu wanasema angekuwapo Kaseja tungefika mbali zaidi. Mkataba wake uliisha 2010 akaondoka. Kaseja akarudi langoni, na Stars haikufuzu AFCON mpaka 2019.

Sisemi hivyo kumtetea Maximo. Mimi mwenyewe nilikuwa upande wa Kaseja, na bado naona kocha yule alikuwa na shingo ngumu. Ninachosema ni kwamba hoja ya Kaseja ilikuwa hoja. Ilihusu kazi, ilionekana na macho ya kila mtu, na kocha angeweza kuijibu. Lakini pembeni yake yalitembea maneno mengine, kuhusu dini yake, nyumba yake na mfuko wake, ambayo hakuna aliyeyashuhudia. Sisi vijana tuliyabeba yote katika kapu moja.

Hapa ndipo wanazuoni wanapotusaidia. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, katika Riyadhus Salihin ametaja sababu sita ambazo kwazo inafaa kumsema mtu asiyekuwapo. Ndani ya sababu ya kuwanasihi Waislamu ametaja jambo ambalo niliwahi kulisoma nikiwa chuo kikuu nikalipita tu bila kulitafakari: mtu aliyepewa usimamizi wa jambo na hautimizi ipasavyo, ama kwa kutofaa ama kwa kughafilika, inafaa asemwe. Lakini asemwe kwa nani? Kwa yule mwenye mamlaka juu yake, ili amwondoe na kumweka anayefaa, au amhimize anyooke.

Tazama jinsi mlango ulivyofunguliwa na jinsi ulivyowekewa kizingiti. Klabu zetu zina wanachama na mikutano mikuu, na TFF ina kamati zake. Mwanachama aliyelipia kadi akisimama mkutanoni na kusema kocha huyu hafai kwa sababu moja, mbili, tatu, huyo yuko ndani ya ruhusa. Mimi niliyekaa kwenye benchi la kahawa Tandika, sina kadi, nimetaja kiasi cha rushwa ambacho nilikibuni palepale, niko wapi? Hata katika hesabu ya usengenyaji siingii, kwani Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kumtaja ndugu yako kwa analolichukia nalo analo ndiko kusengenya, na kama hana, basi umemzulia. Mimi nilizua.

Atakayesema kwamba kocha huyo si Muislamu, basi haidhuru, namuomba akae na wanazuoni kwanza. Uongo haugeuki kuwa halali kwa kuwa anayesingiziwa anasali kwingine.

Kipindi kilichofuata niliwasomesha wanafunzi kisa cha Saad bin Abi Waqqas (r.a.), ambacho kimo katika Sahihi ya Bukhari. Simfananishi sahaba huyu na makocha wetu, Allah atuepushe. Nakileta kwa sababu kinahusu swali lilelile: watu hawamtaki kiongozi wao, afanywe nini?

Saad ni miongoni mwa kumi waliobashiriwa Pepo, na ndiye aliyeongoza jeshi la Qadisiyya. Kisha akawa gavana wa Kufa, mji aliouanzisha mwenyewe. Watu wa Kufa wakamshitaki kwa Khalifa Umar (r.a.) kwa mambo mengi, mpaka wakasema hata kusalisha hajui vizuri! Umar akamwondoa, akamweka Ammar bin Yasir. Lakini hakuishia hapo. Alimuita Saad akamuuliza kuhusu ile sala, naye akaeleza kuwa huwasalisha kama alivyosalisha Mtume, hurefusha rakaa mbili za mwanzo na kufupisha za mwisho. Umar akamwambia kuwa hivyo ndivyo alivyomdhania. Kisha akatuma watu Kufa, wakapita msikiti kwa msikiti wakiuliza. Kila msikiti ukamsifu, isipokuwa katika msikiti wa Bani Abs, ambako mtu mmoja alisimama na kumtuhumu kuwa haendi na jeshi, hagawi sawa, na hahukumu kwa uadilifu. Saad akamuombea dua nzito kwamba kama ni muongo, umri wake urefuke, na ufukara wake urefuke, na akutane na fitna. Mpokezi anasimulia kuwa alimuona mtu huyo uzeeni, nyusi zimemwangukia machoni, akikiri kuwa dua ya Saad imempata.

Wanafunzi huvutiwa na mwisho huo wa nyusi. Mimi linalonivutia ni lile lililotokea mwaka 23 Hijria, Umar akiwa kitandani baada ya kuchomwa kisu. Alimtaja Saad kati ya watu sita wa kumchagua Khalifa, na akaweka wazi mbele ya watu kwamba hakumwondoa Kufa kwa kushindwa kazi wala kwa khiyana. Alibakisha pumzi chache, na sehemu yake aliitumia kulisafisha jina la mtu aliyemwachisha kazi.

Kwa hiyo kumwondoa mtu ni jambo moja, na kumvunjia heshima ni jambo jingine kabisa. Mtawala anaweza kuona watu na kiongozi wao hawapatani tena, maslahi yakataka abadilishwe. Hilo lilifanyika kwa Saad. Sisi hatujui kumwondoa mtu bila kwanza kumfanya shetani. Juni 2015 Stars ilifungwa na Uganda mabao matatu kwa sifuri pale Amaan, Zanzibar, na kibarua cha Mholanzi Mart Nooij kikaota nyasi. Mtaani tuliamini ugonjwa ulikuwa ni yeye. Novemba mwaka huohuo, chini ya mzalendo Charles Boniface Mkwasa, tukafungwa saba na Algeria. Emmanuel Amunike aliipeleka Stars AFCON ya 2019 baada ya miaka 39 ya kusubiri, tukapoteza mechi zote tatu, na Julai hiyohiyo akaondolewa. Pengine ilistahili. Lakini niliwasikia watu waliokuwa wakimwombea dua Machi wakimwita tapeli Julai.

Wala sisemi makocha ni malaika. Julai 2020 Yanga ilimfukuza Mbelgiji Luc Eymael kwa maneno ya kibaguzi aliyoyatoa dhidi ya mashabiki, na naona klabu ilifanya sawasawa. Ushahidi ulikuwapo, ni sauti yake mwenyewe. Wala haikuhitajika kumuongezea jingine juu yake.

Baada ya somo hilo nilirudi kijiweni. Nilijua kuwa aliyezua hadharani anatakiwa ajirudi hadharani, mbele ya walewale waliomsikia. Nikasubiri watu wakae, nikasema: "Jamani, ile habari ya kuuza mechi niliitunga. Sina ushahidi wowote. Nawaomba msiibebe." Wakacheka. Kijana wa bodaboda akasema, "Ustaadh naye, mpira tu huo!" Mwingine akasema ameshaisikia Temeke Mwisho, tena kwa kiasi kikubwa zaidi ya kile nilichokitaja mimi.

Mzee mmoja, shabiki wa timu yetu tangu ujana wake, hakucheka. Akaniuliza, "Sasa Ustaadh, tunyamaze? Kocha abaki atumalize?"

Nikamjibu, "Hapana, mzee wangu. Mimi bado naona aondoke. Ulinzi wake mbovu, na mechi tatu mfululizo anafanya kosa lilelile. Ila si mwizi, na nilikosea kumuita mwizi."

Mzee akanywa kahawa yake, akasema hilo anaweza kukaa nalo. Kisha akaongeza swali ambalo lilinirudisha nyumbani bila usingizi: "Na yeye mwenyewe umemuomba radhi?"

Haki ya Allah mja huitubia kwa Mola wake. Haki ya mtu ina mwenyewe. Wapo wanazuoni wanaosema kama kumfikia kuna uzito au kutaleta madhara, umuombee dua na umsifie kwa mazuri yake palepale ulipomsema kwa mabaya. Nimeshika kauli hiyo, na kila jina lake likitajwa kijiweni huwa nasema lile jema ninalolijua: kwamba aliwapa nafasi vijana wawili wa kikosi cha pili ambao leo ni tegemeo la timu. Yeye alipanda ndege ndani ya wiki ileile. Yule mpwa wa muuza kahawa, akinisikia nikimsifu, huinamia beseni lake la vikombe na kutabasamu.