Jumanne: Mwalimu Pamoja na Mwanafunzi

Soma 1 Nyakati 25:1–8. Zamu za waimbaji zilipangwaje?

Waimbaji walikuwa 288, wote wamefundishwa kumwimbia Bwana. Viongozi wao walikuwa Asafu mwenye wana wanne, Yeduthuni mwenye sita, na Hemani mwenye 14. Kwa wingi huo, nyumba ya Hemani ingeweza kudai nafasi ya mbele. Lakini hawakushindanishwa. Walipiga kura, mdogo kwa mkubwa, mwalimu pamoja na mwanafunzi. Kura ya kwanza ilimwangukia mwana wa Asafu. Ya mwisho, mwana wa Hemani.

Si kwamba ustadi ulidharauliwa. Kenania aliwekwa juu ya uimbaji kwa sababu alikuwa hodari (1 Nyakati 15:22), na uhodari wake ulimpa kazi ya kufundisha wengine.

Kwenye makambi yetu mambo huwa tofauti. Kwaya ya vijana huuficha wimbo wake mpya hadi Sabato. Wenzao wakiimba, wao wako nje wakinyoosha sare. Na yule kijana wa besi anayechelewa kushika sauti huambiwa apumzike kwanza, “tusije tukaaibika.” Wakati mwingine huyo haachi kwaya tu, huacha na kanisa.

Soma 2 Nyakati 5:11–14. Waimbaji na makuhani 120 wenye parapanda walisikikaje kabla wingu halijaijaza nyumba?

Jadilini: Katika kwaya ya vijana kanisani kwenu, ni nani ameachwa kando mwaka huu? Nani atamwendea juma hili, na siku ya mazoezi atasimama karibu na nani?