Kifauongo: Mmea wa Jamii ya Kunde Wenye Sura Mbili

Kifauongo ni mmea unaojulikana na watoto wengi, kwa kuwa ukiguswa hujifanya umekufa. Jina lake la kisayansi, Mimosa pudica, lilitolewa na Carl Linnaeus mwaka 1753. Neno pudica katika Kilatini lina maana ya "mwenye haya". Asili yake ni Amerika ya tropiki, lakini sasa umeenea katika nchi nyingi za joto, zikiwamo za Afrika ya Mashariki.

Umbo lake

Huu ni mmea wa kudumu. Shina lake jembamba lina miiba, nalo aghalabu hutambaa. Kila jani huwa na vitawi, kwa kawaida vinne, na kila kitawi kina safu mbili za vijani. Maua yake ni vifungu vya mviringo vya rangi ya waridi. Tunda ni ganda bapa lenye nywele ngumu kandoni. Likikauka hukatika vipande vyenye mbegu mojamoja, vikanasa katika manyoya ya wanyama na nguo za watu.

Jinsi unavyosinyaa

Kwenye kitako cha kikonyo pana kivimbe chenye seli zilizojaa maji. Mguso huanzisha ishara ya umeme; ayoni za potasiamu hutoka katika seli za upande wa chini, maji huzifuata, seli hulegea na jani huinama. Baada ya dakika kadhaa maji hurudi, nalo jani huinuka.

Makazi, faida na hasara

Kifauongo hupenda jua: kando ya barabara, malishoni na katika mashamba yaliyoachwa. Hustawi hata penye udongo duni, kwani vinundu vya mizizi yake vina bakteria wanaotwaa nitrojeni ya hewani.

Twafundisha kwamba mimea ya jamii ya kunde hurutubisha udongo. Ni kweli, lakini si kila mmoja ni rafiki wa mkulima. Kifauongo husonga nyasi, miiba yake huwaumiza wapaliliaji, na majani yake yana mimosini, kemikali iwezayo kudhuru mifugo. Kuufyeka hakutoshi, maana huchipua tena. Yafaa ung'olewe na mizizi kabla haujazaa mbegu.

Zoezi

Ng'oeni mmea mmoja kwa uangalifu, osheni mizizi, kisha kateni kinundu kimoja. Kikiwa chekundu ndani, bakteria wake wanafanya kazi. Linganisheni na vinundu vya kunde za shambani. Je, kwa nini mkulima hupanda kunde lakini hung'oa kifauongo?